Kabla hujaandika integrali, chora mshale

Mdogo wangu uliyeingia mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme au wa mawasiliano, najua kuna kozi moja imeshakutisha kabla hujaikalia darasani hata siku moja. Wa mwaka wa nne wamekwambia kwamba nadharia ya uga wa sumakuumeme, ambayo chuoni wote tunaiita fildi, ndiyo kozi ya sapu, yaani ya kurudia mtihani. Mimi sapu hiyo niliipata. Nilikwenda mafunzo kwa vitendo na daftari la fildi kwenye begi, na Septemba nikarudi hosteli wakati korido bado tupu. Nakuandikia yale niliyoyajua Septemba na ambayo ningefurahi kuyajua tangu wiki ya kwanza ya muhula.

Dalili ilionekana mapema, kwenye testi ya pili. Swali lilikuwa la kebo: waya wa shaba katikati, plastiki kuuzunguka, halafu ganda la shaba kwa nje. Waya una chaji chanya, ganda lina chaji hasi ya kiasi kilekile. Tafuta uga wa umeme kila mahali. Nilijaza kurasa mbili na nusu za integrali, zile hesabu za kujumlisha vipande vidogovidogo, nikiwa na uhakika kwamba wingi wa kazi utaniokoa. Karatasi iliporudi, mwalimu alikuwa ameandika neno moja kwa peni nyekundu pembeni mwa mstari wangu wa kwanza: mwelekeo? Alama mbili kati ya kumi na tano. Sikuelewa anauliza nini. Nikaikunja karatasi, nikaendelea kukariri.

Hapo ndipo penye shida ya kozi hii. Miaka miwili unasoma saketi, na katika saketi kitu ni namba: volti 12, ampea 3, ohmu 4. Ukija kwenye fildi, kitu si namba tena. Kila nukta ya hewa iliyo mbele yako ina mshale wake, na mshale una ukubwa na una upande unaoelekea. Ukianza kupiga hesabu kabla hujajua mishale imelala vipi, hesabu hata ikiwa safi inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Neno lile jekundu lilikuwa linaniambia hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: chora kwanza. Chora chaji au mkondo ulipo, kisha jiulize mshale unaweza kuelekea wapi na hauwezi kuelekea wapi, na ukubwa wake unabadilika ukisogea upande gani. Usiandike alama ya integrali mpaka umejibu hayo kwa maneno.

Turudi kwenye ile kebo. Nenda kwa fundi wa madishi umwombe kipande cha waya wa dishi, hata cha urefu wa kiganja. Kikate kwa kisu, utazame kichwa chake: nukta ya shaba katikati, povu jeupe, karatasi ya alumini, wavu wa nyuzi, halafu gamba la nje. Kizungushe vidoleni. Hata ukizungushe vipi, sura ni ileile. Basi na uga lazima uwe hivyohivyo: hauna sababu ya kuwa mkubwa upande mmoja kuliko mwingine. Kebo ni ndefu, na kushoto na kulia kwako ni sawa, kwa hiyo mshale hauna sababu ya kuinamia upande wowote wa urefu. Unabaki mwelekeo mmoja tu: kutoka katikati kwenda nje, kama spoku za baiskeli. Na ukubwa wake unategemea kitu kimoja tu, umbali kutoka katikati.

Ukishafika hapo swali limekwisha. Sheria ya Gauss inataka uzungushie waya silinda ya kufikirika na kujumlisha mishale inayotoka kwenye ukuta wake; jumla hiyo inalingana na chaji iliyo ndani ya silinda. Mishale yote inatoboa ukuta kwa pembe mraba na ukubwa wake ni sawa, kwa hiyo ile integrali ya kutisha inageuka kuwa kuzidisha: ukubwa wa uga mara eneo la ukuta. Uga unapungua kadiri umbali unavyoongezeka. Ukienda mbali mara mbili, unabaki nusu. Kuanzia nje ya ganda, silinda yako imefunika chaji chanya na hasi zilizo sawa, jumla sifuri, na uga nje ni sifuri. Mistari mitatu. Mimi nilikuwa nimejaza kurasa mbili na nusu. Na hiyo sifuri ya nje ina kazi kubwa majumbani mwetu: mawimbi ya dishi yanashuka ndani ya kebo bila kuvujia nje, na vurugu za nje haziingii kirahisi.

Sasa, hesabu ya vekta, yaani ya hiyo mishale. Wengi tunaifaulu mwaka wa pili na kuisahau likizo ileile. Kama muhula haujaanza, tafuta wiki mbili uirudie, hasa gradienti (upande ambao kitu kinapanda kwa kasi zaidi), divejensi na keli. Usizirudie kama fomula. Zirudie kwa maji. Divejensi inauliza: mahali hapa maji yanazaliwa au yanapotea? Penye chemchemi ni chanya, penye tundu la kunyonya ni hasi, kwingine kote sifuri. Uga wa umeme una chemchemi zake, ndizo chaji. Uga wa sumaku hauna hata moja, ndiyo maana mistari yake haina mwanzo wala mwisho.

Keli ndiyo inayopoteza watu, kwa sababu tunaambiwa inapima mzunguko, basi tunatafuta kitu kinachozunguka kama kisulisuli. Mimi niliielewa nikiwa nimesimama darajani, naangalia mto uliojaa mvua za masika. Maji yote yalikuwa yanakwenda moja kwa moja upande mmoja. Jani la mwembe likaanguka karibu na ukingo, likawa linakwenda huku linajizungusha lenyewe, polepole, kama gurudumu. Upande wake wa kuelekea katikati ya mto ulivutwa na maji ya kasi, upande wa ukingoni ukashikwa na maji mazito. Keli ndiyo hiyo. Mto hauzunguki, lakini jani linazunguka. Tangu siku ile nikiona keli kwenye mlinganyo, natupa jani pale na kuuliza litafanya nini.

Kuna jambo lingine nililifanya Septemba ile, na namsihi kila anayesoma kozi hii alifanye walau mara moja. Chukua betri ya pikipiki ya volti 12 na taa ya mbele ya wati 35. Fundi wa bodaboda atakuazima vyote ukimweleza vizuri. Tafuta dira ndogo. Laza waya mnyoofu juu ya meza ya mbao, uelekee kaskazini na kusini, kisha shikilia dira kama sentimita 2 juu yake. Sindano imelala sambamba na waya. Unganisha waya na taa kwa mfululizo, kisha gusisha kwenye betri, taa iwake. Sindano inaruka, inatikisika mara mbili tatu, kisha inatulia imeinama karibu nusu ya pembe mraba. Hamisha dira iende chini ya waya: inainamia upande wa pili. Geuza miguu ya betri: inageuka tena. Mimi nilirudia mara nyingi hadi taa ikapata moto wa kuunguza.

Kisha kaa chini upige hesabu. Wati 35 kwa volti 12 ni karibu ampea 3. Sheria ya Ampère, inayohusisha mkondo na uga wa sumaku unaouzunguka, inakupa, kwa umbali wa sentimita 2, mikrotesla 30 hivi (tesla ni kipimo cha uga wa sumaku). Uga wa dunia, kutegemea ulipo, uko kati ya mikrotesla 25 na 65. Yaani taa ya bodaboda inashindana na sumaku ya dunia nzima, na sindano inakuonyesha kwa macho yako kwamba hakuna aliyemzidi mwenzake mbali. Mwanafizikia Ørsted aliliona jambo hilihili mwaka 1820. Baada ya kuliona, ile kanuni ya mkono wa kulia, inayotaja uga unazunguka waya kuelekea upande gani, huhitaji tena kuikariri.

Nikisema hivi wapo watakaoona napuuza hesabu. Hapana, hesabu lazima, tena nyingi. Lakini itazame historia ya somo lenyewe. Michael Faraday alikuwa mwanagenzi kwa mjalidi vitabu, hakuwa na hesabu za juu, na hata hivyo mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku inayobadilika inazaa umeme, jambo linaloendesha kila jenereta na kila transfoma hadi leo. Aliona mistari angani akaichora. James Clerk Maxwell akaichukua picha ile na kuitia kwenye hesabu. Katika makala yake ya 1865 milinganyo ya umeme na sumaku ilikuwa 20. Ile minne unayoandikiwa ubaoni ilifupishwa baadaye na Oliver Heaviside kwa lugha ya vekta. Picha ilitangulia, hesabu ikafuata, ufupisho ukaja mwisho. Sisi tunaanzishiwa kwenye ufupisho, ndiyo maana inabidi turudi wenyewe nyuma kutafuta picha.

Kuhusu madesa. Mitihani ya miaka iliyopita inasaidia, lakini mimi niliitumia vibaya. Nilikariri majibu ya tufe, mtihani ukaleta silinda. Ifungue baada ya kumaliza mada, si kabla, na kila swali ulilolijua ligeuze wewe mwenyewe: badili umbo, toa chaji ya nje, ingiza plastiki nusu. Kama jibu lako halijui liende wapi baada ya badiliko dogo, bado hujalielewa. Na kila jibu likaguliwe kwa vizio vyake vya kipimo, na kwa kulisukuma mbali. Pete yenye chaji ukiitazama kutoka mbali sana lazima ionekane kama nukta moja ya chaji. Fomula yako isipofanya hivyo, kuna kosa juu huko, rudi ulitafute. Ukaguzi huo ni wa dakika moja na umenirudishia alama nyingi.

Kikundi cha kusoma kiwe cha watu watatu au wanne, na sharti liwe moja: anayeeleza aeleze kwa Kiswahili. Tunafundishwa kwa Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na mtu anaweza kutamka sentensi nzima ya kitabu bila kuwa na kitu kichwani. Rafiki yangu mmoja alinibana nimweleze mkondo wa uhamisho bila neno lolote la kitabuni. Nilikwama. Nikaanza tena: mkondo unaingia kwenye kapasita, yaani vibao viwili visivyogusana, katikati hakuna waya, hakuna chaji inayopita, lakini uga wa umeme mle ndani unaongezeka, na kule kuongezeka kwenyewe kunazaa uga wa sumaku kama vile waya ungekuwepo. Nilipomaliza akanitazama akasema, kumbe. Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo moyoni.

Ukifika kwenye mawimbi usiyapite haraka, kwa sababu hapo ndipo kozi inapokulipa. Chukua kikokotoo, uzidishe epsiloni ya ombwe, ile namba ya umeme, 8.854 × 10⁻¹², kwa myu, ile ya sumaku, 1.257 × 10⁻⁶. Tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 1 kwa jibu hilo. Inatoka karibu 3 × 10⁸, mita kwa sekunde. Namba mbili zinazoweza kupimwa kwa kapasita na koili mezani, na zinazaa kasi ya mwanga. Nilipolifanya kwa mkono wangu nilinyamaza kidogo.

Hapo pia utajua kwa nini saketi zilikuwa zinatosha miaka miwili yote. Umeme wa ukutani ni hezi 50, wimbi lake lina urefu wa kilomita 6000. Nyumba yako, hata mji wako, ni chembe ndani ya wimbi hilo, na unaweza kujifanya volti inafika kote kwa mara moja. Redio ya FM ya megahezi 100, wimbi mita 3. Wai-fai ya gigahezi 2.4, sentimita 12 na nusu. Kwenye bodi ya saketi ya ukubwa huo volti ya mwanzo wa njia na ya mwisho wake hazifanani tena, na aliyekwepa fildi hana la kufanya. Ule waya wa dishi umeandikwa ohmu 75, lakini ukiupima kwa multimita huzioni ohmu 75 popote. Ni uwiano wa volti na mkondo wa wimbi linalosafiri ndani yake, unaotokana na unene wa shaba, umbali wa wavu na aina ya lile povu. Yaani na lile umbo ulilolitazama kwenye kichwa cha kebo.

Siku ya sapu swali la kwanza lilikuwa tufe lenye chaji iliyoenea sawasawa ndani yake. Nilichora duara. Nikachora mishale inayotoka katikati, mifupi ndani, ikirefuka hadi kwenye uso, halafu ikifupika tena nje. Msimamizi alipita, akaniona bado nachora wakati wenzangu wako ukurasa wa pili. Nikaandika mistari mitatu ya ndani na mitatu ya nje, kisha nikaweka umbali sawa na nusukipenyo kwenye majibu yote mawili. Yalitoa kitu kilekile. Nikafungua ukurasa, nikaenda swali la pili.