Uwanja wa ndege wa Moi uko Changamwe, si Jomvu

Wapo wanaosema uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa uko eneo bunge la Jomvu. Ni Changamwe, ndugu, si Jomvu. Uwanja uko upande wa Port Reitz, nje ya kisiwa cha Mombasa, ndiyo maana ukitoka mjini unavuka daraja la Makupa kwanza. Mimi nakaa Magongo, ndege ikishuka mabati yanatetemeka, na kwenye uchaguzi kuna wadi inayoitwa Airport kabisa: ni moja ya wadi tano za Changamwe, pamoja na Port Reitz, Kipevu, Chaani na Changamwe yenyewe. Wadi za Jomvu ni Mikindani, Miritini na Jomvu Kuu. Ila wanaochanganya nawaelewa, maana kabla ya uchaguzi wa 2013 Jomvu nayo ilikuwa ndani ya eneo bunge la Changamwe.