Maswali yenu: bastola, fataki na moto juu ya droni

Tangu nielezee usajili wa droni za burudani Marekani (ile ya kwamba ikivuka gramu 250 unalipa dola 5 unapewa namba ya miaka 3), meseji zimegeukia kitu kingine kabisa, watu wanauliza kufunga silaha. Wengine wameona video za vita ya Ukraine, wengine wana shida ya kweli shambani, na kuna ambao wanataka tu kujaribu. Nimechagua maswali kadhaa nimeyafupisha. Kama kuna sehemu nitaongea kwa ukali mnivumilie, hili jambo linanigusa.

Kaka, niko Houston. Bastola yangu nimenunua kihalali, droni nimesajili, shamba ni la familia. Nani ananizuia kuifunga bastola kwenye droni nikalenga makopo yangu?

Sheria ya shirikisho ndo inakuzuia, ndugu yangu. Tarehe 5 Oktoba 2018 ilisainiwa sheria mpya ya FAA (hiyo ndo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani) na kifungu chake cha 363 kinasema bila idhini ya mkuu wa FAA hakuna mtu kurusha droni iliyofungwa silaha ya hatari, faini iliyowekwa wakati huo ilifika dola 25,000 kwa kila kosa. Haisemi kama ni shambani kwako au mjini, haiulizi ulilenga mtu au kopo. Ukiirusha tu ikiwa na silaha, kosa limetimia.

Kabla ya hapo palikuwa na pengo kweli. Mwaka 2015 kijana mmoja wa Connecticut aliweka video mtandaoni, droni ya kutengeneza mwenyewe inaelea msituni huku inafyatua bastola, polisi wa pale wakatafuta sheria aliyovunja wakasema hawaioni. Mwisho wa mwaka huohuo akatoa nyingine, safari hii droni inatema moto inachoma bata mzinga. FAA wakataka nyaraka zake, akagoma, ikaenda mpaka mahakama ya shirikisho na 2016 jaji akaamuru azitoe. Alafu tarehe 4 Agosti 2018 pale Caracas, Venezuela, droni mbili za kawaida za DJI (kampuni ya China), zile za kubebea kamera kubwa za filamu, zikalipuka na mabomu wakati Rais Maduro anahutubia askari. Miezi miwili baadae sheria ikasainiwa. Sisemi hili lilizaa lile, ila kuanzia siku ile hakuna aliyeweza kusema hizi ni ndoto za waoga.

Najua unataka kuniambia Marekebisho ya Pili ya katiba, yale ya haki ya kumiliki silaha. Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya Heller mwaka 2008 ilithibitisha haki ya mtu kuwa na silaha nyumbani kwake, na hukumu hiyohiyo ikasema haki hiyo ina mipaka.

Lakini tuache vifungu kidogo, manake naona wengi hamjalifikiria hili. Bastola ikiwa mkononi mwako, jicho lako, sikio lako na mwili wako viko palepale ilipo, mtoto akitokea nyuma ya mti unamsikia, unashusha mkono. Kwenye droni we unaona kile tu kamera inachoonyesha, picha yenyewe inachelewa kidogo, kulia na kushoto na nyuma huoni kitu. Angalia vizuri ile video ya Connecticut, kila risasi inapotoka droni inasukumwa nyuma inayumba, sasa risasi ya pili inaenda wapi kama upepo nao umevuma? Na mawasiliano ya rimoti yakikatika, droni nyingi za kisasa zimepangwa zirudi zenyewe pale zilipopaa, inakatisha juu ya chochote kilichopo katikati, nyumba, barabara, watu, ikiwa na risasi chemba na hakuna mkono wa mtu juu yake. Betri ikiisha inashuka popote. Mtu mwenye nia safi kabisa anaweza kuua hivo, bila hasira, akiwa amekaa kwenye kiti. Kwa hiyo mi naitetea hii sheria kwa moyo wote, na kopo lako lipige ukiwa umesimama chini.

Mambo, tuna harusi Dallas mwezi ujao. Mpiga picha wetu anasema anaweza kufunga fataki kwenye droni ziwake maharusi wakitoka ukumbini. Ni sawa?

Hapana dada, mwambie aache. FAA walitoa onyo Agosti 2019 wakataja kwa majina vitu watu wanavyofunga, na fataki zimo kwenye orodha moja na bunduki na mabomu. Yapo makampuni ya maonyesho yaliyopata ruhusa maalum ya droni zenye fataki, yana marubani wenye leseni na eneo wanalifunga hakuna mgeni anayepita chini. Mpiga picha wa harusi na droni yake moja juu ya vichwa vya mama zetu waliovaa vitenge na mitandio ni kitu kingine kabisa. Mwambie apige picha za juu akiwa pembeni, basi.

Mwanangu ana miaka 13, amepewa zawadi ya droni ndogo inayorusha vipira vya plastiki. Haifiki gramu 250. Nitapigwa faini? Mama wa watatu, Minneapolis.

Mama usiogope, ila nikueleze vizuri maana wengi wanachanganya hapa. Uzito mdogo unakuondolea usajili, haukuondolei katazo la silaha, droni ya gramu 100 yenye kitu cha kuua ni kosa vilevile. Cha kuangalia ni kama kile kitu ni silaha ya hatari, na sheria imeazima maana iliyopo tayari kwenye sheria za jinai, kwamba ni silaha, kifaa au hata kemikali inayotumika kuua au kujeruhi vibaya au inayoweza kufanya hivo kirahisi. Wameacha nje kisu cha mfukoni chenye makali yasiyofika inchi 2 na nusu. Kampuni ya Parrot ya Ufaransa iliwahi kuuza droni ya watoto ya aina hiyo, inaitwa Mambo, yenye kimzinga cha vipira, na ilikuwa inauzwa madukani kama kichezeo kingine chochote.

Kipira hakiui, lakini jicho ni jicho. Mnunulie miwani ya kujikinga na wale anaocheza nao pia. Na kuna mtihani mfupi wa bure wa mtandaoni unaitwa TRUST, kila anayerusha kwa burudani Marekani anatakiwa awe nao, hata mtoto, kaeni muufanye pamoja.

Texas wanaruhusu kupiga nguruwe pori kutoka kwenye helikopta. Mimi nafuga mbuzi, nguruwe wananimaliza. Kwanini helikopta sawa na droni yenye bunduki kosa?

Swali zuri na shida yako naielewa, nguruwe pori wa kule wanafukua shamba zima usiku mmoja. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1971 inakataza kuwinda kutoka kwenye chombo cha angani, adhabu ni faini mpaka dola 5,000 au jela mpaka mwaka mmoja au vyote. Ila inaachia majimbo yatoe vibali vya kulinda mifugo na mazao, na Texas tangu 2011 wenye ardhi wanaweza hata kuruhusu wawindaji wa kulipia wapande helikopta kupiga nguruwe, kwa kibali. Tofauti ni kwamba mle ndani kuna rubani na kuna mpigaji, wote wanaona kwa macho yao na wote wataumia kama wamefanya ujinga. Droni ikibeba bunduki unarudi kwenye kifungu cha 363, kibali cha nguruwe hakikusaidii. Hata ukitaka droni yenye kamera ya joto tu, ya kuwatafuta usiku, waulize kwanza idara ya wanyamapori ya Texas, manake na hiyo ina kibali chake. Kwa sasa mitego mikubwa ya zizi itakufaa zaidi, inakamata kundi zima.

Mbona kuna kampuni ya Ohio inauza kifaa cha kutema moto cha kufunga kwenye droni, waziwazi, na hakuna anayekamatwa? Nataka nichome mzinga wa nyigu juu ya paa.

Umegusa panaponiuma. Kifungu kinakataza *kurusha*, hakisemi kuuza wala kununua. Kwa hiyo muuzaji anauza, tangazo linasema ni kwa ajili ya kusafisha nyaya za umeme na kuchoma majani, mzigo wote anabaki nao mnunuzi siku anayopaisha. Sheria za shirikisho hazihesabu kifaa cha kutema moto kuwa bunduki, Maryland wamekipiga marufuku, California wanataka kibali, kwingi hamna kitu. Kazi halali ipo kweli, China mwaka 2017 shirika la umeme la Xiangyang lilitumia droni ya moto kuunguza takataka zilizonasa kwenye nyaya za msongo mkubwa, lakini ile ni kazi ya shirika na mafundi wake. Kwangu mimi Kongresi waliishia njiani, wangesema pia kwamba anayeuza amuulize mnunuzi idhini ya FAA iko wapi. Faini inakuja baada ya nyumba kuungua.

Na we unataka kuchoma nyigu juu ya paa, na paa za Marekani nyingi ni lami na mbao! Ita watu wa wadudu.

Na polisi je? Wao wanaruhusiwa?

Mbali na kile kifungu cha 363, inategemea jimbo na hapa mniangalizie kwa makini. North Dakota mwaka 2015 muswada ulianza ukikataza silaha zote kwenye droni za polisi, ukapita ukiwa umekataza zile za kuua tu, maana yake mabomu ya machozi, risasi za mpira na teza (kifaa cha kupiga shoti ya umeme) vikabaki vimeachwa wazi. Risasi ya mpira inaua, waulizeni waliowahi kuwa kwenye maandamano. Wisconsin kuanzia 2014 kurusha droni yenye silaha ni kosa la jinai, isipokuwa kwa wanajeshi walio kazini. Mimi ningetaka polisi wa kila jimbo wafungwe na maneno kama hayo.

Droni za kunyunyizia dawa shambani ni silaha? Dada wa Iowa, nafikiria kupeleka moja Zanzibar.

Sio silaha ukiitumia kwa kazi yake, ila Marekani ina kanuni zake, inaitwa Part 137, pamoja na leseni ya dawa ya jimbo lako. Zanzibar wanaijua kazi hiyo, 2019 kwenye mashamba ya mpunga ya Cheju walijaribu droni inayomwaga kimiminika kinachotanda juu ya maji kuzuia viluwiluwi vya mbu, na mimi nikiona kazi kama ile ndo nakumbuka kwanini nazipenda hizi ndege. Kabla hujalipia mizigo tafuta kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania), bila hicho itakwama forodhani. Wa Kenya mnaenda KCAA, kanuni zenu ni za 2020.

Huku Rotterdam sheria ikoje?

Ngumu zaidi. Kwenye kundi la urushaji linaloitwa la wazi (open) la Umoja wa Ulaya, ambalo ndo la watu wa burudani, ni marufuku kubeba kitu cha hatari na ni marufuku kudondosha kitu *chochote*. Hata pipi.

Nikiona droni yenye silaha mtaani kwangu naweza kuitungua?

Usiitungue. Kwa sheria ya Marekani droni ni ndege, na kuharibu ndege ni kosa linaloweza kukupeleka jela mpaka miaka 20. Mwaka 2024 huko Clermont, Florida, mzee mmoja aliipiga risasi droni ya kupeleka bidhaa za Walmart akaishia kukamatwa. Na risasi uliyopiga juu inashuka kwa jirani. Ingiza watoto ndani, piga 911, na kama unaweza chukua video ukiwa dirishani, ionyeshe droni yenyewe, ilikotokea na saa. Kisha iripoti ofisi ya FAA ya eneo lako, wao ndo wenye kifungu cha 363 na wanamtafuta mwenyewe kwa namba ya usajili.