Mbwa anayekojoa ndani: ficha ndala, shika dagaa

Bobi tulimchukua mwezi wa saba, akiwa na miezi miwili na nusu, upepo wa Dodoma ukipuliza vumbi hadi kwenye mashuka. Nyumba yetu hapa Nkuhungu ina zulia moja tu, la sebuleni, naye akalichagua hilohilo. Nikafanya nilivyoona wakubwa wakifanya tangu utotoni mwangu: nikamsukumia pua kwenye mkojo, nikamchapa kwa ndala.

Baada ya wiki mbili akawa hakojoi tena mbele yangu. Anakojoa nyuma ya kochi na chini ya kitanda cha mwanangu. Nikiingia tu, anabana mkia na kulaza masikio, nami nasema, "Si unaona, anajua kosa lake." Hakuwa anajua lolote. Mbwa haunganishi kipigo cha sasa na mkojo wa nusu saa iliyopita. Alichojua ni kwamba mama akija, kuna maumivu. Yale masikio yananiuma mpaka leo.

Nikaweka ndala chini, nikaanza kuangalia saa. Mtoto wa mbwa hujizuia takribani saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, kwa hiyo wa miezi 3 ukimwachia saa 5 umemwonea. Tukawa tunamtoa akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza na kabla ya kulala, kila mara mahali pamoja, chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba. Alfajiri za mwezi wa saba hapa zina baridi. Nasimama na kanga mabegani, simsemeshi. Ananusa, anazunguka mara mbili, anachuchumaa miguu ikimtetemeka. Akimaliza tu, palepale, "Vizuri Bobi!" na kipande cha dagaa mdomoni. Ukingoja mrudi ndani ndipo umpe, yeye ataona amelipwa kwa kuingia ndani. Ilituchukua karibu mwezi mzima.

Zulia nalo lina lake. Harufu ikibaki, atarudi hapohapo. Kausha kwa tambara, osha kwa sabuni, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji. Dawa za kusafishia zenye amonia ziache, maana kwenye pua yake zinafanana na mkojo.

Kutafuna viatu ni meno, hasa kati ya miezi 4 na 6. Weka viatu juu, mpe kitambaa kilicholoweshwa kikagandishwa kwenye friji, na umwangalie asikimeze.

Kurukia watu ndiko kulikonisumbua zaidi. Jirani yetu ni mama wa swala tano. Mate ya Bobi yakigusa gauni lake, inabidi akatwaharishe kabla hajaswali, na bado alikuwa anatuvumilia kwa upole. Niliona aibu. Dawa ni kumgeuzia mbwa mgongo, mikono kifuani, bila neno wala kumtazama. Miguu yote 4 ikitua chini, ndipo unamsalimia. Bobi alielewa upesi. Kazi ilikuwa kwetu: mimi nasema "Acha", dada wa kazi "Toka", mwanangu anacheka na kumkumbatia. Tukakaa mezani tukakubaliana neno moja, "Chini", na hakuna wa kumchekea. Mgeni akibisha hodi, Bobi anafungwa kamba kwanza.

Kwetu sisi wa Dodoma kuna hatari moja ya kuangalia sana: usimtuze mbwa kwa zabibu, mbichi wala kavu. Zinaweza kumwua figo, hata chache. Msimu ukifika, kapu letu linakaa juu ya kabati.

Na mbwa aliyekwisha kuzoea nje akianza ghafla kukojoa ndani, kidogokidogo na mara kwa mara, usimrudishe kwenye mafunzo kabla ya kumwona daktari wa mifugo. Bobi ilimpata akiwa na mwaka mmoja. Kilikuwa kibofu, akapewa dawa, na siku chache baadaye alikuwa mlango wa jikoni akikwaruza atolewe.