Kuwekewa chuma mguuni sio kupona, mfupa una kazi yake bado

Watu wakisikia fulani kawekewa chuma kwenye mfupa wanaona basi yameisha, akitoka wodini anatembea. Hapana jamani. Chuma kinaushika tu mfupa usichezecheze, kuunga unaunga wenyewe, na mfupa wa paja au ugoko mara nyingi unachukua miezi 3 hadi 6, wengine zaidi. Ukigoma kuunga, chuma kinabeba mzigo peke yake mpaka kinachoka na kukatika hukohuko ndani. Kwa hiyo muulize daktari wako lini ukanyagie na kwa uzito gani, usimuige wa kitanda cha pili, yeye kavunjika kivyake.

Mimi nilivunjika ugoko, nikawekewa fimbo ya chuma ndani ya mfupa na skrubu juu na chini. Baada ya opresheni nesi kila akipita ananinyoosha vidole vya mguu na kuniuliza inauma vipi, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Maumivu ya kawaida dawa inayapoza. Yakizidi kila saa, dawa haigusi, mguu umekaza kama jiwe na kidole kikinyooshwa tu unapiga yowe, hiyo ni presha imejaa ndani ya misuli, damu haipiti, na misuli inaweza kuanza kufa ndani ya masaa machache. Tiba yake ni kupasuliwa haraka kuachia hiyo presha. Ita nesi, ukiambiwa vumilia ita tena, ndugu zako nao waite.

Ukishafika nyumbani angalia kidonda, hasa kama mfupa ulitoboa ngozi. Usaha ukitoka, hata baada ya miezi, usikimbilie kununua antibayotiki dukani, maana bakteria wanajenga utando juu ya chuma na vidonge peke yake mara nyingi haviwamalizi, inabidi paoshwe na pengine chuma kibadilishwe. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, inaweza kuwa damu imeganda.

Sigara acha kabisa, inachelewesha mfupa kuunga. Goti na kifundo anza kuvikunja mapema ukiruhusiwa, vinauma ndio, ila vikishakakamaa kuvirudisha ni shughuli. Na chuma chenyewe si lazima kitolewe, kama hakikusumbui wengi wanaishi nacho tu.