Re: Njia za OSPF hazifiki upande wa EIGRP
Ndugu, umesema ruta ya Dodoma mjini inaziona njia za OSPF, ila tawi la Kondoa lenye EIGRP halipati hata moja (zote mbili ni itifaki ambazo ruta hutumia kupashana njia za mtandao). Hapo kilichokosekana ni metriki, yaani gharama ya njia. Bila kupewa metriki, EIGRP huzihesabu njia za OSPF kuwa hazifikiki, haizitangazi. Kwenye ruta inayobadilishana njia kati ya itifaki hizo mbili, ndani ya router eigrp 100 andika:

redistribute ospf 1 metric 10000 100 255 1 1500

Yaani kasi kwa kilobiti, ucheleweshaji kwa makumi ya maikrosekunde, uhakika, mzigo, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti).

Kurudi OSPF, yaani kuingiza njia za EIGRP kwenye OSPF, ongeza neno subnets kwenye amri ya redistribute. Kwenye IOS (programu endeshi ya ruta za Cisco) za zamani, bila hilo vipande vya mtandao kama /26 huachwa. Na tafadhali sana, ukiweka ruta ya pili ya kubadilishana kule Mpwapwa, zitie njia tagi (alama ya namba), kisha route-map (masharti ya kuchuja njia) izizuie kurudi zilikotoka. Njia ya nje ya EIGRP, yaani iliyoletwa kutoka itifaki nyingine, ina umbali wa kiutawala (kipimo cha kuaminika, namba ndogo hushinda) wa 170, OSPF 110. Bila kuzizuia, OSPF itashinda na pakiti zitazunguka.