Barua kwa mwanangu: mtandio wa mkweo

Mwanangu,

Huku Newala wazima. Umeniuliza kama utie jiki kwenye mtandio mweupe wa mkweo, ule uliouazima ukaumwagia mchuzi wa manjano, na kwa nini uliposugua kwa sabuni doa likawa jekundu. Wekundu huo usikutishe. Manjano ikikutana na sabuni ya mche hugeuka hivyo, ukisuuza sana inarudi njano.

Maji baridi kwanza. Nimekwambia tangu mdogo. Najua utanijibu kwamba mchuzi ulikuwa na tui, na mafuta ya nazi hayatoki kwa maji baridi. Kweli, hayatoki. Basi ya uvuguvugu yafuate, na sabuni tena. Lakini kwanza baridi. Kisha uanike juani ukingali na maji, hata siku tatu, maana jua huififisha manjano. Pasi isiuguse kabla doa halijaisha. Jiki iache, na kamwe usiichanganye na ndimu, mvuke wake unabana kifua.

Kifua! Unajua wajomba wa mama yako waliniita wanione Oktoba 1986. Nilitoka Kitangari kwa baiskeli, nimevaa shati jeupe la baba yako mkubwa. Mabibo yameiva, kiu imenishika, nikang'ata moja chini ya mkorosho. Maji yake yakanichuruzikia hapa, juu ya moyo. Nikaomba maji kwenye nyumba ya njiani, wakanipa ya moto ya chai, nami nikamwagia hayo hayo. Nilipofika, doa limeshakuwa kahawia.

Nikalifunika kwa kiganja. Saa mbili nzima, mkono wa kushoto kifuani, wa kulia ndio wa kula. Wajomba hawakuuliza neno. Jibu lililokuja: tusubiri kwanza. Tukasubiri mpaka korosho za msimu uliofuata zikauzwa. Ni baada ya ndoa mama yako aliponiambia: walisema kijana ana kifua, mvua zipite tuone kama atafika. Mwaka mzima, mwanangu! Bado unaniuma. Ningeushusha ule mkono wangeona bibo tu, nao wote wakulima wa mikorosho, nani kati yao hana nguo yenye doa la bibo?

Hukuniuliza kama umwambie mkweo au unyamaze mpaka mtandio utakate. Mimi ninalo la kusema, limefika mdomoni. Lakini wewe ndiye unayekaa naye Lindi, wewe ndiye unayejua anavyopokea mambo, na pengine mtandio ule una historia yake kwake. Mama yako amenikataza nisiingie. Sawa, siingii. Ila kama ataulizia kabla haujakauka, usiufiche nyuma ya mlango.

Leo suuza kwa maji baridi. Jioni niandikie rangi imefika wapi.

Baba yako