Uliza Anko: Maji ya Kayabwe na mawe ya Mbale

Wiki hii maswali yamekuja mengi, mengine kwa voisi ya dakika nne jamani, fupisheni kidogo. Nimechukua matatu.

Anko habari. Mi ni dereva wa taksi, napiga Kampala–Masaka. Pale Kayabwe kwenye ikweta kuna vijana wanamwaga maji kwenye karai, upande huu yanazunguka hivi, ukivuka hatua kumi yanazunguka vile, watalii wanatoa hela. Ile ni sayansi ama watu wanaliwa? – Dereva, Nyendo

Wanaliwa mkubwa. Nasema kwa adabu maana vijana wanatafuta riziki na mchezo wenyewe ni mtamu, hata mimi nilishatoa elfu tano yangu pale.

Ukweli wenyewe upo ila umevutwa sana. Dunia inazunguka, na kule kuzunguka kunapindisha vitu vinavyosafiri mbali, kama upepo na mikondo ya bahari, kaskazini vinapinda kulia na kusini vinapinda kushoto, ndo inaitwa nguvu ya Coriolis. Sasa pale kwenye mstari wenyewe nguvu hiyo ni sifuri, na ukisogea hatua kumi bado ni kama sifuri tu, ndo maana hata vile vimbunga vikubwa vya baharini havizaliwi karibu na ikweta, sembuse maji ya karai!

Safari ya pili nilipoenda niliacha kuangalia maji nikaangalia mikono. Kijana akiwa upande wa kaskazini alimimina jagi kwenye ukingo wa kulia, upande wa kusini akamimina ukingo wa kushoto, basi. Maji yalishaanza kuzunguka hata kabla hajatoa kidole kwenye tundu, kile kiua anachodondosha juu kinakuonyesha tu alichokianzisha mwenyewe.

Jaribu nyumbani. Chukua beseni kuukuu, toboa katikati na msumari wa moto, ziba tundu kwa chini, jaza maji ulale. Asubuhi zibua polepole bila kutikisa. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT kule Marekani alifanya hivyo na tanki la upana wa karibu mita 2, akaacha maji yatulie masaa 24 nzima, na hapo ndo mzunguko wa dunia ukajitokeza kidogo kidogo, na kumbuka kule ni mbali sana na ikweta. Wewe rudia beseni lako mara kumi uandike kila mara yameenda upande gani, halafu mpelekee yule kijana hayo majibu, ila ukiwa umeshalipa.

Shikamoo anko. Bibi yangu wa Mbale anasema mwaka 1992 mawe yalidondoka kutoka juu na moja likampiga mtoto kichwani na hakufa. Nikisimulia darasani wananicheka. – Mwanafunzi wa S2, Jinja

Marahaba mwanangu. Bibi hana uongo. Ilikuwa tarehe 14 Agosti 1992, alasiri, watu Mbale wakasikia mngurumo mkubwa kisha mawe yakaanza kushuka, mengine yakapiga mabati. Yaliyookotwa yalifika kama kilo 150 kwa jumla. Na kweli kuna kijana alipigwa kichwani, lakini kipande chenyewe kilikuwa gramu 3 na kitu, yaani kama kijiko cha chai cha sukari, tena kilipita kwanza kwenye majani ya mgomba yakakipunguza kasi. Mgomba ulimwokoa, waambie na hilo.

Najua watakuuliza, mbona jiwe la kutoka anga halikumtoboa kama risasi? Kwa sababu hewa ni breki. Jiwe linaingia na kasi ya makumi ya maelfu ya kilomita kwa saa, linawaka, linapasuka juu kwa juu, na vile vipande vidogo vinaishiwa mwendo wa anga kabisa, mwishoni vinashuka kama jiwe lolote lililodondoka toka gorofani.

Ukienda kwa bibi likizo tembea na sumaku, hata ile ya spika mbovu. Mawe yale yana chembe za chuma ndani kwa hiyo yanavuta sumaku, ni mazito kuliko unavyodhani, na nje yana ngozi nyeusi nyembamba iliyoungua. Ila angalia usidanganywe na mabaki ya mfua vyuma, nayo ni meusi na yanavuta. Tofauti moja ni matundu, ukiona limejaa vitundu kama mkate wa mayai, hilo limetoka kwa fundi. Jiwe la anga lina umri wa miaka kama bilioni 4.5, kuliko mwamba wowote utakaookota Mlima Elgon.

Anko, satelaiti yetu ile inashikiliwa na nini huko juu? – Muuza chapati, Gulu

Ya kwetu haipo tena juu, ilishashuka ikaungua, ila ilipokuwepo haikushikiliwa na kitu, ilikuwa inaanguka muda wote. Hiyo PearlAfricaSat-1 ilikuwa kiboksi cha sentimita 10 kila upande, wahandisi watatu wa Uganda waliitengeneza Japani, ikarushwa kutoka Virginia tarehe 7 Novemba 2022, na Desemba 2 ikaachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Ukirusha chapati mbele inaanguka mita tatu, ukiirusha kwa nguvu inaenda mbali zaidi. Ukiweza kuirusha kilomita 28,000 kwa saa, juu ambako hewa imekaribia kuisha, inaanguka lakini dunia nayo ni duara inapinda chini yake, haifiki chini. Ila hewa huwa haiishi kabisa, ndo maana viboksi kama hivyo havikai miaka mingi, vinashushwa taratibu mpaka vinaungua.

Kiboksi kama hicho huwezi kukiona, lakini hicho kituo unakiona kwa macho. Jiko likiwa barabarani, angalia juu baada ya magharibi, siku kikipita juu yenu utaona kitu kinang'aa kuliko nyota, kinakwenda sawasawa bila kupepesa taa kama ndege, kinavuka kwa dakika chache tu. Kikizimika ghafla katikati ya mbingu usiite watu, kimeingia kwenye kivuli cha dunia.